Maji ya Kartie Ni Kazi ya Vijana Pia



Kwa desturi, mkubwa wa wanafunzi akipewa ukurasa huu anaandikaka juu ya unifomu, ufagio, kelele ya mangaribi na makaratasi yanayotupwa katika uwanja. Mambo hayo yako na faida, na siyafuti. Lakini leo ninalomba ruhusa niseme neno lingine, juu liko nyuma ya mengi tunayoyaona hapa ndani ya masomo.

Mnajua kazi yangu ya asubuhi: kusimama ku mulango na kaye ya wachelewaji. Kaye ile haidanganyi. Mwenye kuifungua ataona kwamba majina yanayorudi kila juma ni ya wasichana kupita wavulana, na kwamba wengi wanatoka katika kartie zile zile. Si kartie za watu wavivu. Ni kartie ambazo mayi haitokake, ao inatoka katikati ya usiku, tone kwa tone, kisha inakatika. Msichana anaamka wakati kaka yake angali amelala. Anachukua bidoni, anafuata mustari ku robine ya jirani ao ku kisima, anangojea zamu, anarudi, anapashia wadogo wake chai, anaoga upesi na maji ya kopo moja, halafu anatembea mpaka hapa. Akifika, kengele imekwisha kulia. Anaandikwa. Anapewa jembe akate majani. Kesho yake ni vile vile.

Sisemi kaye ifungwe. Kengele ni kengele, na nidhamu ni nidhamu. Ninasema tu kwamba jembe halileti maji. Hata tukikata majani ya uwanja wote mpaka mwisho wa mwaka, mustari wa bidoni utabaki pale pale. Basi kama shida inatoka inje ya lupango la masomo, dawa yake itafutwe inje vilevile, na mimi ninauliza: ataitafuta nani?

Maoni yangu ni haya. Vijana wa komine ya Lubumbashi, na kwanza siye wanafunzi, tujipange avenyu kwa avenyu, kartie kwa kartie, tulombe haki ya maji kwa njia ya sheria, bila fujo, bila chama cha siasa, na bila ukabila. Tusingojee wakubwa peke yao. Nitaeleza sababu zangu moja moja, na msomaji apime mwenyewe.

Wema ni kitu kimoja, haki ni kingine

Katika makanisa yetu tumefundishwa vizuri kutenda wema. Mama mwenye kisima anamwachia mjane achote bure. Kikundi cha vijana kinafagia lupango la mgonjwa. Ni kazi njema, na isiachwe. Lakini wema una mpaka wake. Ukimpa mama mmoja bidoni ya maji, umefanya wema. Ukiuliza juu ya nini bomba la avenyu yake limekauka, na nani mwenye wajibu wa kulitengeneza, na lini, hapo umeanza haki. Wema unamaliza kiu ya leo. Haki inauliza mbona kiu inarudi kila siku.

Na katika inchi yetu swali hilo ni zito kuliko mahali pengine, juu siye si watu wa inchi kavu wala inchi maskini. Lubumbashi ni mji wa shaba. Hata mgeni akifika anaona dohani refu na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, anajua kwamba mali nyingi ilipita hapa. Mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka. Tazameni vilevile moto wa umeme: tangu miaka ya 1980 mustari wa nyaya unatoka Inga, ku mto Kongo, unasafiri karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, kuleta nguvu kwa migodi. Njiani unapita juu ya vijiji visivyokuwa na taa hata moja. Mtoto wa kijiji anazisikia nyaya zikivuma juu ya nyumba yao, na usiku anasoma na koroboi. Mutu akisema “inchi haina uwezo,” nyaya zile zinamjibu. Uwezo ulikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: na siye je?

Wenzetu wa Goma

Wengine watasema: vijana wanaweza nini? Tutazame Goma. Katika mwaka 2012, vijana wachache wa mji ule, wengi wao wanafunzi wa universite ao watu waliomaliza masomo bila kupata kazi, walianzisha mwendo unaoitwa LUCHA, jina lililofupishwa kutoka Kifaransa, maana yake ni kupigania mabadiliko. Goma iko kando ya Ziwa Kivu. Mtu anasimama ku mulango wake anaona maji mpaka macho yanachoka, lakini robine katika kartie nyingi zilikuwa kavu, na watoto walishuka ziwani na bidoni za njano migongoni. Vijana wale walifanya neno la maji kuwa moja ya vilio vyao vya kwanza, pamoja na neno la kazi. Waliandika barua. Walibeba vibao. Waliketi chini mbele ya ofisi, wakatulia. Wanajulikana kwa mambo matatu: wanakataa fujo, wanakataa kuwa mkia wa chama chochote cha siasa, na hawakujiwekea rais mmoja ambaye akinunuliwa ao akifungwa, wote wamekwisha.

Njia yao haikuwa laini. Tarehe 15 Machi 2015, Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala walikamatwa Kinshasa, wakati vijana walipokutana kuanzisha mwendo mwingine unaoitwa Filimbi. Walitoka gerezani katika Agosti 2016, karibu mwaka mmoja na nusu nyuma. Katika Februari 2016, huko Goma, Rebecca Kabugho na wenzake watano walikamatwa alfajiri wakitayarisha vitambaa vya kuandikia maneno yao. Walifungwa miezi sita. Mwaka 2017 Marekani ilimpa dada yule tuzo ya wanawake mashujaa, naye alikuwa kijana bado. Luc Nkulula, aliyejulikana sana kwa kusema kwa upole, alikufa katika moto ulioteketeza nyumba yake Goma, Juni 2018. Tarehe 21 Mei 2020, Freddy Kambale alipigwa risasi Beni katika maandamano ya kulomba usalama. Hapa kwetu Lubumbashi pia, tarehe 31 Julai 2017, watu waliotoka kuuliza kalenda ya uchaguzi walikamatwa. Na katika Januari 2025 vita iliingia Goma yenyewe, M23 wakaushika mji.

Ninayaandika haya yote ili mtu asinishitaki kwamba ninawapakia wadogo wangu asali mdomoni. Kuuliza haki kunaweza kumgharimu mtu. Lakini angalieni tena upande wa pili. Vijana wale hawakuwa na mali, hawakuwa na bunduki, hawakuwa na baba mkubwa katika serikali. Walianza na swali la robine. Na swali la robine likawafundisha watu wa mji mzima kwamba raia anaweza kwenda ku ofisi ya Leta na kuuliza bila kupiga magoti. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International liliwapa tuzo pamoja na vijana wa Senegali na wa Burkina Faso waliofanya kazi ya namna ile ile. Dunia iliwaona. Ni juu ya nini siye, ndugu zao wa kusini, tusiwaone?

Mji wetu nao uko na historia

Tusiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa Kivu. Lubumbashi ilijua kujipanga mbele ya babu zetu wengi kuzaliwa. Wakati mji ukiitwa Elisabethville, katika Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Ilikuwa wakati wa vita kubwa ya dunia. Kazi iliongezwa, bei ya vitu ilipanda, na mshahara haukutosha kulisha nyumba. Waafrika hawakuwa na ruhusa ya kuwa na sendika. Hata hivyo walikusanyika, wakachagua wa kusema kwa ajili yao, na kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, karani. Tarehe 9 Desemba, watu wakiwa wamekusanyika ku kiwanja cha mpira, askari walipiga risasi. Mpoyi aliuawa, na makumi ya wengine pamoja naye. Wapaka rangi wa mji huu walichora mambo hayo ku vitambaa, na jamaa ziliyatundika ukutani. Njo vile yalifika mpaka kwetu.

Ndiyo sababu wazazi wetu, wakisikia “vijana wamekutana,” mioyo yao inaruka. Hawaogopi bure. Wengi wao wanakumbuka usiku wa tarehe 11 kufika 12 Mei 1990, wanafunzi walipovamiwa ku kampusi ya Universite ya Lubumbashi. Mpaka leo watu wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa. Mzazi aliyeona hayo akikwambia “nyamaza, mwanangu,” usimcheke. Umwonyeshe kwa matendo kwamba unajua kutembea kwa akili.

Tena kuko ukurasa mwingine ambao tusiufiche, hata kama unauma. Katika miaka 1992 na 1993, hapa Katanga, vijana walijipanga. Tena walijipanga vizuri: walikuwa na vikundi katika kartie, na nyimbo, na wakubwa wa kuwaongoza. Ilikuwa JUFERI, vijana wa chama cha UFERI. Na kazi iliyofanywa ilikuwa kufukuza majirani wenye asili ya Kasai, watu waliokuwa wamezaliwa hapa, waliokula bukari moja nao, waliosali kanisa moja nao. Jamaa maelfu kwa maelfu zilitoka Likasi na Kolwezi. Zililala ku gare na vyungu vyao zikingojea treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, watoto zaidi.

Basi tujifunze. Kujipanga peke yake si haki. Kisu kinakata mkate, kinakata na mkono. Vijana wa 1992 waliambiwa kwamba kazi haipatikani na chakula hakitoshi juu ya jirani. Ilikuwa uongo, na uongo ule haujafa. Bado unatembea katika mabaa na ku simu zetu. Njo maana ninasema kikundi chochote cha kulomba maji kiwe na watoto wa makabila yote ya avenyu, wa dini zote na wasio na dini. Mkiona kikundi kinachouliza “wewe ni wa wapi?” mbele ya kuuliza “kwenu mayi iko?” mkikimbie. Robine ikikauka, haichagui Muluba na Mubemba.

Sheria inasema nini

Wanafunzi wengi wanafikiri kwamba kuuliza wakubwa wa inchi ni kosa. Si vile. Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema mambo ambayo kila finalisti angepaswa kuyajua kabla ya kupata diplome.

Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji safi ya kunywa na umeme, pamoja na nyumba inayofaa mtu. Basi maji si zawadi ya mwanasiasa wakati wa uchaguzi.

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi lake kwa wakubwa wa Leta, yeye peke yake ao pamoja na wengine. Na hapa msikilize vizuri: wakubwa wale wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kuandika ombi la namna hiyo. Miezi mitatu! Ni watu wangapi katika kartie zetu wanaojua neno hili? Tunalalamika ku mustari wa maji, tunalalamika katika taxi, tunalalamika nyuma ya ibada, lakini karatasi yenye tarehe hatuandiki. Na malalamiko yasiyokuwa na tarehe hayana mtu wa kuyajibu.

Kifungu cha 26 kinaruhusu maandamano ya amani. Wenye kuyatayarisha wanapaswa kumjulisha mkubwa kwa maandishi. Mimi sipendekezi wanafunzi waanze na maandamano. Barua kwanza. Lakini ni vizuri kujua kwamba mlango huo nao uko.

Mwisho, komine si ofisi ya vyeti tu. Kwa sheria ya 2008, komine iko na mamlaka yake na makuta yake, na katika Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa kwa kura. Bwana Burugumesta na washauri wale ni watu wa kuulizwa. Hawako mbali kama Kinshasa. Mtu anaweza kuwaendea kwa mguu kutoka Makomeno, kutoka Kalubwe ao kutoka Gambela, akarudi mbele ya jua kushuka.

Majibu kwa wenye kukataa

Wa kwanza watasema: “Siasa si kazi ya wanafunzi.” Ninakubali nusu. Kutafuta cheo si kazi yetu. Kubeba bendera ya chama ndani ya masomo si kazi yetu. Lakini anayebeba bidoni usiku ni mwanafunzi, na anayeugua tumbo kwa maji machafu ni mwanafunzi. Kipindupindu hakiulizi kama mtu amefika miaka ya kupiga kura. Shida ikituhesabu kati ya watu, na dawa ituhesabu vilevile.

Wa pili watasema: “Siye finalisti tuko na Egzamen ya Leta.” Kweli, na mimi mwenyewe niko ndani yake. Lakini saa mbili za Jumamosi hazikumwangusha mtu. Na dada aliyelala saa tatu tu kwa ajili ya maji ataifanya egzamen ile ile ninayoifanya mimi niliyelala saa saba. Je, ni mashindano ya haki? Wakimbiaji wawili, mmoja na bidoni kichwani, na mwisho tunasema “yule hana akili.”

Wa tatu watasema: “Watoto hawana adabu.” Hili ni neno la kujibiwa kwa heshima. Adabu si kunyamaza. Adabu ni namna ya kusema. Kijana anayemwendea mzee wa avenyu, anamwamkia, anaketi akiambiwa kuketi, anaeleza jambo lake na karatasi mkononi, yule hakumvunjia mtu heshima. Tena tusiende bila wakubwa. Mama wanaouza makala na sombe ku barabara wanajua habari ya maji kupita siye. Wazee wa kanisa wanaheshimiwa ku komine. Tuwalombe watutangulie, na siye tuwe miguu yao.

Wa nne, na ndio wengi, watasema: “Haitasaidia kitu. Njo Congo.” Ndugu zangu, neno hili ndilo linaloniogopesha kupita gereza. Mzee amesema hivyo juu ya mengi aliyoyaona, tumsamehe. Lakini kijana wa miaka kumi na tano akisema “njo Congo,” amezeeka mbele ya kuota ndevu. Wakubwa wetu wa wakati wa Mobutu walifanyishwa salongo kwa amri, na mtu alijifunza kwamba kazi ya wote ni azabu, akiweza kuikimbia aikimbie. Siye hatukulelewa chini ya amri ile. Tunaweza kujaribu kazi ya wote iliyotoka moyoni.

Katika Biblia tunasoma habari ya Nehemia. Alipofika Yerusalema hakuanza kupiga kelele. Alizunguka usiku kimya, akatazama ukuta mahali ulipobomoka. Kisha aliwaita watu, na wengi walijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba yao. Tunasoma tena habari ya mjane aliyemrudia kadi mbaya mpaka akachoka akamfanyia haki. Mmoja alihesabu, mwingine alirudia. Kuhesabu na kurudia: ni kazi ambazo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaziweza.

Tuanze namna gani?

Sitaki kuwaacha na maneno matupu. Mapendekezo yangu ni sita.

La kwanza, tuhesabu. Kwa majuma mawili, katika kila avenyu, wanafunzi wawili waandike katika kaye: mayi ilitoka siku ngapi na saa ngapi, malupango mangapi yako na robine, watu wanatembea mbali gani, na bidoni inauzwa bei gani. Tusikisie. Tusipojua, tuache wazi. Barua inayosema “tunateseka sana” inawekwa chini ya meza. Barua inayosema siku, saa na avenyu inamlazimisha mtu kutafuta kalamu.

La pili, tuwaite wote. Si wanafunzi wetu tu. Vijana wa pikipiki, wauza yunite, wasichana walioacha masomo, wale wa masomo ya Wakatoliki na ya Leta. Kidole kimoja hakiuake chawa.

La tatu, tuandike. Ombi moja fupi, kwa wenye kazi ya maji, na kopi kwa shefu wa kartie na kwa Burugumesta. Watu wazima watie sahihi kwanza, siye nyuma yao. Na kopi yetu ipigwe kachet na tarehe. Bila kachet, watasema hawakuona kitu.

La ine, tungojee kwa kalenda. Miezi mitatu ikifika, jibu lisomwe mbele ya watu wote wa avenyu. Kama hakuna jibu, hilo nalo lisomwe, na barua ya pili itoke siku ile ile.

La tano, makuta yawe safi. Kila mtu atoe kidogo kwa karatasi na kalamu. Kaye ya makuta iwe wazi kwa kila mwenye kutaka kuitazama. Mwanasiasa akileta tisheti, vitenge ao bia, tumwambie aksanti, tuko na nguo. Kikundi kinachokula kwa mtu mmoja kitaimba wimbo wa mtu yule.

La sita, na hili ni kwa wavulana. Haki ianze ndani ya lupango. Tutalombaje haki kwa Burugumesta, na siye tunalala wakati dada zetu wanabeba maji? Kuanzia juma hili, kila mvulana wa masomo haya achukue zamu yake ya bidoni. Hakuna katiba inayosema bidoni ni ya wasichana. Kama mtu anaona haya kuonekana na bidoni kichwani, aiweke ku pikipiki, ku kigari, ao ku bega. Maji hayataona tofauti.

Na kwa Bwana Prefe na walimu wetu, kwa heshima yote, ninalomba mambo mawili. Kaye ya wachelewaji ipate mustari mmoja zaidi wa kuandika sababu, ili masomo yajue kweli inayotoka wapi. Na katika majuma mawili ya kuhesabu, msichana aliyechelewa kwa ajili ya maji apewe kalamu pahali pa jembe, aandike aliyoyaona asubuhi ile. Tena mapaa yetu ni makubwa. Tukitia mifereji na tanki mbele ya mvua ya Novemba, masomo yenyewe yangeweza kuwasaidia majirani. Wanafunzi wako tayari kuchimba na kubeba matofali bila kulipwa.

Jumamosi hii, saa nane ya muchana, katika kilasi ya finalisti, tutagawanya avenyu na kaye. Kila mtu aje na kalamu yake na jina la avenyu yao. Walimu watakaopenda kuja watupatie furaha. Wenye kuogopa waje vilevile, juu woga ukikaa peke yake unakua, ukikaa na wengine unapungua. Kwa mara ya kwanza tutakuwa wachache. Tuanze na hao.

Ni mimi, mkubwa wa wanafunzi, kilasi ya mwisho
Lubumbashi